Fremu ya Kaboni: Kutoka Jalalani hadi Karakana

Fremu ya baiskeli ya kaboni ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, lakini kazi ya kuitengeneza ikipasuka ilichukua takriban robo karne kuwa biashara inayojulikana. Kwa muda wote huo ushauri ulikuwa mmoja: tupa, nunua nyingine.

Nyuzi za kaboni zenye nguvu zilitokana na utafiti wa miaka ya 1950 na 1960 nchini Marekani, Japani na Uingereza, na miongoni mwa walioziwania mapema ni watengenezaji wa ndege. Katika baiskeli ziliingia kwa fremu ya Graftek ya kampuni ya mafuta ya Exxon, ambayo mabomba yake yaligundishwa kwenye viungio vya chuma. Mwaka 1986 mwendesha baiskeli Greg LeMond alishinda mashindano ya Tour de France akiendesha fremu ya kaboni ya kampuni ya Look. Mwaka huohuo Kestrel ya Marekani ilitoa modeli ya 4000, iliyoundwa kwa kaboni tupu bila viungio vya chuma. Katika miaka ya 1990 kampuni kubwa kama Trek ziliifikisha kaboni kwa waendeshaji wa kawaida, na fremu zilizopasuka nazo zikaongezeka.

Fremu ya chuma ikikatika, fundi huichomelea, ikipinda, huinyoosha. Kaboni haikubali hata moja kati ya hayo. Moto huunguza gundi ya epoksi inayoshikilia nyuzi, na bomba likigongwa vibaya halipindi bali hupasuka, au matabaka yake huachana ndani huku rangi ya nje ikionekana nzima. Watengenezaji waliogopa kushtakiwa endapo fremu iliyozibwa ingekatika barabarani, hivyo wengi waliona heri kumpunguzia mteja bei ya fremu mpya.

Ujuzi wa kuziba kaboni, hata hivyo, ulikuwapo tayari kwa mafundi wa ndege na wa mashua za mashindano. Craig Calfee alitoka katika fani hiyo ya pili: alikuwa akiunda mashua za makasia za kaboni kabla ya kufungua karakana yake ya fremu mwaka 1987. LeMond aliendesha fremu za Calfee katika Tour de France ya 1991. Mwaka 2001 karakana hiyo ya California ilianza kupokea fremu zilizovunjika za kampuni yoyote, na baadaye karakana za namna hiyo zikaenea Marekani na Ulaya.

Kazi huanza kwa sikio. Fundi hugongagonga bomba kwa sarafu: mahali pazima hutoa mlio mkali, palipoachana hutoa mlio mzito uliofifia. Karakana zenye vifaa huthibitisha kwa mawimbi ya sauti. Kisha rangi huondolewa mpaka mwisho wa ufa uonekane, na kaboni iliyokufa husagwa. Kingo za jeraha hupigwa msasa zikawa mteremko mrefu, ili kila tabaka jipya lipate eneo pana la kushika; kingo zikiachwa wima, nguvu zote hukusanyika kwenye mstari mmoja na ufa hurudi. Matabaka mapya hulazwa kwa pembe zilezile za nyuzi za awali, hulowanishwa epoksi, hubanwa kwa utepe au kwa mfuko ulionyonywa hewa, kisha hukaushwa kwa joto la kiasi. Mwisho ni msasa na rangi.

Bomba lililotengenezwa hivyo huongezeka uzito kidogo tu, na likifanywa na fundi anayejua kazi yake hurudi kubeba mzigo wake wa kawaida. Uma wa mbele na usukani ni habari nyingine: vikikatika humwangusha mwendeshaji papo hapo, na kwa sababu hiyo karakana nyingi hukataa kuvitengeneza, zikimshauri mwenyewe anunue vipya.