Lenzi ya Marehemu Baba

Baba alipofariki aliniachia lenzi ya Helios 44-2, milimita 58, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa kuiga Biotar ya Zeiss. Kamera yake ilikwisha kufa zamani. Lenzi hii hufungwa kwa kuzungushwa, mfano wa kifuniko cha chupa. Kipenyo chake ni milimita 42, kipimo kilichotumiwa na Contax S ya Dresden mwaka 1949.

Fundi mmoja aliniambia niitupe. Nusura nimsikilize! Kumbe shida ilikuwa umbali tu. Lenzi hiyo hutaka kukaa milimita 45 na nusu hivi kutoka kwenye filamu. Kamera za Nikon, kwa ajili ya kioo kinachoinuka ndani, zimekwisha chukua 46.5, ukiifunga humo, vitu vya mbali havionekani sawasawa. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa G1 isiyo na kioo hicho, ikabaki nafasi ya kutosha pete ya alumini.

Kwa kamera ya namna hiyo nilimpiga mama picha, nikilenga taratibu kwa vidole kama alivyofanya baba. Ilitoka na ukungu kidogo, maana kuvu imekwisha ingia ndani ya lenzi, nami sijapata fundi ninayemwamini kuifungua.