Nilivyotafuta Linux ya Kukaa Nayo

Usiku mmoja kompyuta yangu ilinimezea sura ya saba ya riwaya. Virusi, fundi akaniambia huku akicheka. Mashine yenyewe ni mtumba, memori gigabaiti 2, na mfumo endeshi uliokuwemo ulinakiliwa kienyeji. Nikamuuliza: hivi hakuna mfumo wa halali usiodai pesa, ambao mtu asiye fundi aweza kukaa nao kila siku akaandika? Akajibu neno moja: Linux. Ila akaniasa, "Ziko nyingi, dogo. Utachagua mpaka uzeeke."

Basi nikataka kwanza kujua imekuwaje zikawa nyingi.

Chanzo ni kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Agosti 1991 aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kujifurahisha tu. Kumbe alichotengeneza ni kiini, ile sehemu inayoamrisha vyuma vya mashine. Kiini peke yake hakiandiki barua. Programu nyingi za kukizunguka zilitoka katika mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman huko Marekani mwaka 1983. Kuviunganisha vyote kulitaka utaalamu, ndipo wengine wakaanza kuvifungasha pamoja. Kifurushi hicho wenyewe hukiita distro.

Sasa sikia, utamu uko hapa. Distro nyingi zimezaliwa na mtu aliyechoshwa na ya jana. Mwaka 1992 ilikuwepo SLS, nayo ilikuwa na kasoro tele. Mwaka 1993 Patrick Volkerding akaisafisha, akatoa Slackware. Mwaka huohuo Ian Murdock, naye mwanafunzi, akaanzisha Debian, jina aliloliunga kwa kuchukua la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Debian ikasifika kwa uimara, lakini kuisimika, lo! mtu wa kawaida alitoka jasho. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaichukua Debian hiyohiyo, na Oktoba 2004 akatoa Ubuntu. Neno hilo la Kinguni, sisi Waswahili hatulihitajii mkalimani: ni utu. Sidi zake zilitumwa bure kwa posta hadi 2011. Na katika mwaka uleule wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili.

Mwaka 2011 Ubuntu ikabadili sura ya skrini, ikaleta Unity. Baadhi ya watu wakanuna, wakahamia Linux Mint, iliyoanzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006 juu ya misingi ya Ubuntu. Huko waliikuta menyu waliyoizoea.

Nami nikahama vivyo hivyo. Ya kwanza ilikuwa nzito, kufungua ukurasa mmoja ni sawa na kungoja uji uive. Ya pili ikagoma kuitambua kadi ya intaneti. Ya tatu, Mint yenye skrini nyepesi ya Xfce, ikanikaa. Wala sisemi inazishinda zote, la hasha. Ninachosema ni kwamba nikiandika naisahau kama ipo.

Lakini nikiri jambo moja, jamani. Miezi miwili ile ya kuhamahama sikuandika hata aya. Kila aliyeniuliza habari za riwaya nilimwambia natafuta mfumo mzuri, na moyoni nilifurahi kuwa na kisingizio. Sura ya saba iliniogopesha kuliko virusi.

Wale vijana wa 1993 nao walichoshwa, lakini uchovu wao ulizaa kazi, kwa kuwa walishika kazi wakaitengeneza. Wangu ulizaa maneno tu.

Sasa nimeianza upya, kurasa sita, nakala nimeziweka kwenye flashi mbili. Wewe mwenzangu unayengoja kalamu nzuri, meza nzuri au kompyuta nzuri, tafuta kwa wiki moja. Kisha kaa uandike.