"Wagala" wa Utenzi wa Fumo Liyongo

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe umewahi kuulizwa swali likakuacha na chaki hewani. Hapa Chechelesi, Isiolo, nilikuwa nikifundisha mighani katika kidato cha tatu, nikafika mahali ambapo Liyongo anaozwa mke wa Kigala. Mwanafunzi mmoja Mborana akainua mkono: "Mwalimu, hao Wagala si ni sisi?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Sikuwa na jibu. "Gala" ni jina ambalo Waoromo, Waborana wakiwa miongoni mwao, walibandikwa na watu wengine, nao hulichukulia kuwa tusi. Isitoshe, kijana anayemsaliti shujaa na kumdunga sindano ya shaba kitovuni ni mtoto wa mke huyo. Je, tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba usaliti ulitoka katika ukoo wao?

Nadhani kosa letu ni kuusoma utenzi kana kwamba ndio kisakale chenyewe. Sivyo. Masimulizi ya Liyongo yalisimuliwa na kuimbwa pwani ya kaskazini kwa muda mrefu, na kila mshairi aliyafinyanga kwa mkono wake. Takhmisa inayohusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ilichukua mishororo iliyosemekana kuwa ya Liyongo mwenyewe, ikaiongezea mingine mitatu katika kila ubeti. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi hiyo kwa nathari. Utenzi tunaoufundisha ni mchanga zaidi: ulitungwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na fundi wa hati na nakshi.

Sasa tazama tarehe. Wataalamu hawajakubaliana Liyongo aliishi lini, na wapo wanaomrudisha nyuma sana, kabla ya mwaka 1500. Waoromo nao walienea kuelekea pwani hiyo katika karne ya 16 na 17. Ikiwa wanaomrudisha nyuma wamesema kweli, basi Liyongo hangeweza kuoa kwao. Wagala wa utenzi, kwa maoni yangu, wanatoka katika dunia aliyoijua Kijumwa na wazee wake, ambamo Waoromo walikuwa majirani wenye nguvu upande wa bara, wa kuogopwa na wa kufanya nao biashara.

Hebu tuchunguze pia usawiri wao. Wanaingia katika utenzi kama wageni wa Sultani wa Pate. Wanapomwona Liyongo akipuliza panda hadi likapasuka, kisha akitoa kinu na vyungu mkobani mwake, wanastaajabu na kuomba wapate mbegu yake. Ndoa inatokana na heshima. Anayemnunua kijana ni sultani, kwa ahadi ya cheo na mke. Baada ya mauaji, kijana anapokimbilia kwa wajomba zake, nao hawamtaki, hata mama yake. Mtunzi ameiacha aibu ya ununuzi kule Pate! Nakiri kwamba nimeufundisha utenzi huu miaka kadhaa bila kuliona hilo, kwa kuwa mwongozo niliokuwa nao ulimtaja mama huyo kwa sentensi moja tu.

Niliporudi darasani niliwaeleza haya, kisha nikawapa zoezi: tungeni beti tano za utenzi, msemaji awe mama wa kijana siku aliporudi na habari ya kifo cha mumewe. Kijumwa hakumpa nafasi ya kusema mengi. Beti zilizokuja hazikuwa na vina safi zote, lakini katika nyingi mama alifunga mlango.

Yule mwanafunzi alitaka kwanza kusahihisha utenzi wenyewe, aandike "Waoromo" kila palipo na "Wagala". Akahesabu mizani kwa vidole, ikawa 9 badala ya 8. Tulikubaliana kwamba neno la Kijumwa libaki katika utenzi wa Kijumwa, na maelezo yake yaandikwe pembeni. Katika beti zake yeye aliandika "Waoromo", na mizani ilitosha.