Mhogo wa Mama na Kahawa ya Baba

Nyumbani kwetu Lundo, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, zamani watu hawakupima mali kwa shilingi. Waliuliza mtu ana mashamba mangapi ya mhogo, ana mtumbwi au hana, na bondeni analima majaruba mangapi ya mpunga. Mhogo ndio uliokuwa benki. Ukishakomaa hauna haraka. Unaweza kuuacha ardhini mwaka mzima, ukachimba mashina mawili leo na matatu wiki ijayo. Jioni tulikula ugali wake kwa dagaa, wale tunaowaita usipa. Fedha ilitafutwa kwa mambo machache tu: kodi, chumvi, nguo, na baadaye karo ya shule.

Hilo la kodi ndilo lililoanza kuwatoa watu nyumbani. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendelea na mtindo huo huo. Fedha yenyewe haikuwepo kijijini, ikabidi ifuatwe ilipo. Vijana wengi wa Songea, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na huku kwetu, walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge. Wengine wa ziwani walifika hadi kwenye migodi ya Afrika Kusini. Babu alikwenda mkonge mara mbili. Aliporudi mara ya pili, akiwa na blanketi moja na baiskeli isiyo na tairi, alisema hatakwenda tena, na kweli hakwenda.

Juu milimani Wamatengo walikuwa na bahati ya namna nyingine. Hao ni watu waliojibana katika milima ile wakati wa mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, na kwa kubanwa huko wakawa mabingwa wa kilimo cha ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana kama wavu. Wanawake huchimba katikati ya kila jicho la wavu na kuzifunika nyasi kwa udongo. Hubaki mashimo, na maji ya mvua hutulia humo badala ya kuuporomosha mlima. Maharage hutangulia, mahindi hufuata msimu wa pili. Kahawa ilianza kupandwa huko katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 kikaandikishwa chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, maarufu kwa jina la NGOMAT: Wangoni wakileta tumbaku, Wamatengo wakileta kahawa. Mtu aliweza sasa kulipa kodi bila kuihama nyumba yake.

Mama yangu alizaliwa huko milimani. Mwaka 1971 mjomba alimgawia Baba kipande cha shamba katika ntambo yao, yaani mgongo wa kilima ulio mali ya ukoo, naye akapanda miche ya kahawa. Tulitazamia kwamba tutahama sote. Mama alikataa.

"Baba watoto, kahawa hailiwi," alisema. "Nenda. Mimi nitabaki na mhogo."

Basi tukawa na nyumba mbili, na Baba akawa mtu wa njiani. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, na katika miaka hiyo yote shamba la mlimani lilikula na halikulisha. Nani aliyelilipia? Mpunga wa Mama. Hili halikusemwa nyumbani kwetu, na nimelifahamu nikiwa mtu mzima.

Usiku mmoja wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni huko Paraná, Brazil. Baba hakuwa na habari, lakini bei ya dunia ilipanda hadi kufikia kilele mwaka 1977. Kilichomfikia mkulima hapa nchini kilikuwa kidogo kuliko ilivyostahili, kwa sababu Serikali ilikuwa imevifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na Mamlaka ya Kahawa ikawa ndiyo mnunuzi, na kodi nayo ilichukua fungu lake. Hata hivyo kidogo hicho kilitosha. Tuliezeka bati, nami nikasoma hadi chuo cha ualimu. Siwezi kuidharau kahawa. Mshahara wangu wa kwanza ulitoka katika mibuni ile.

Wala nisimfanye Mama kuwa nabii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mhogo wetu ulivamiwa na kidung'ata, mdudu mweupe mfano wa unga, aliyeingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika miaka ya 1970. Vichwa vya mihogo vilijikunja, mizizi ikawa kama vidole. Baadaye wataalamu waliachia nyigu wadogo kutoka huko huko alikotoka, nao wakammaliza nguvu, lakini mwaka ule tuliokolewa na magunia ya mahindi ambayo Baba aliyanunua kwa fedha ya kahawa. Mama aliyapokea kimya. Benki yake ilikuwa imefungwa.

Nafikiri mwaka huo ndio uliompa Baba ujasiri wa kukopa. Chama chetu kilitoa mbolea na dawa kwa mkopo: mrututu wa kuzuia chulebuni na kutu ya majani, na hata bati. Makato yangefanywa kwenye kahawa. Lakini Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kahawa kwa kila nchi yalivunjika, na bei ikaanguka kama jiwe. Malipo ya pili hayakuja. Deni likabaki. Kati ya 1991 na 1994 ruzuku ya mbolea nayo ikapunguzwa hadi ikaisha, na deni jipya likawa kubwa kuliko la zamani kwa mifuko ile ile.

Katika vitabu vya historia nilivyofundishia nilikuta kwamba wakulima wa Marekani walipita njia inayofanana na hii. Matajiri wa tumbaku wa Virginia walidaiwa na wafanyabiashara wa London na Glasgow mazao ambayo bado hayajaota. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, wengi wao askari wa vita vya uhuru, walishika silaha pamoja na Daniel Shays kuzifunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya ng'ombe na mashamba kwa ajili ya madeni na kodi. Wengi wao walikuwa watu kama Mama: kwanza chakula, kinachobaki kiuzwe. Tofauti ni kwamba shamba la kule lilikuwa na hati, likaweza kunadiwa. Ntambo hainadiwi. Aliyetukopesha sisi alishika zao, si ardhi, na mtu anayeweza kulipitisha zao kwa mlango mwingine amelikimbia deni.

Mlango huo ulifunguliwa msimu wa 1994/95. Serikali iliruhusu wanunuzi binafsi, na baridi ilikuwa imepiga tena Brazil, bei ikafufuka. Malori yalikuja na fedha mkononi. Baba alikuwa na magunia tisa ya kahawa ya maganda. Aliniita, akaniuliza kwa jina alilopenda kuniita mbele ya watu.

"Mwalimu, unasemaje?"

Nilisema, "Baba, deni ni deni. Ipeleke chamani."

Ilikuwa rahisi kwangu kusema hivyo. Mimi nilikuwa na mshahara wa kila mwezi. Aliipeleka yote. Wakakata deni, na kwa kilichosalia wakampa stakabadhi. Majirani wengi waliodaiwa vile vile waliuza kwenye malori. Chama, kwa kukosa makato yao, kikashindwa kuwalipa waliobaki waaminifu, kisha kikafa. Stakabadhi haikulipwa kamwe. Siwalaumu majirani; walikuwa na watoto. Lakini yule aliyevunja chama na yule aliyevunjikiwa na chama walikunywa pombe katika kilabu kimoja, na sikumsikia Baba akilisema jambo hilo hata akiwa amelewa.

Hakupogoa tena. Wenzake wengi walikwenda kufungua mashamba mapya ya mahindi katika misitu ya miombo. Yeye alirudi Lundo, akarekebisha nyavu. Alifariki mwaka 2003. Mama alimfuata baada ya miaka minane, akiwa na mihogo ya kutosha ardhini kulisha msiba wake mwenyewe.

Mibuni mdogo wangu ameikata visiki, ikachipua. Mwaka jana alinipigia simu kutoka mlimani. Chama cha msingi kinakopesha mbolea, achukue mifuko mingapi? Nilimwambia sijui. Akachukua miwili.