Kutoka reli ya Uvira mpaka Sange: shofere anaambiwa nini?

Sisi wa agronomia tunahesabu muhogo na mchele wa bonde la Ruzizi, lakini hatuulizi sana juu ya shofere mwenye kuvipandisha Bukavu.

Turudie historia. Wakati wa Wabelgiji, reli ya Kivu ilitoka Uvira ikaishia Kamanyola, chini ya milima. Toka pale mizigo ilipanda Ngomo na kamyo. Reli ilikufa. Ngomo ikabaki: njia nyembamba, korongo kando.

Kisha ikaja Sange, tarehe 2 Julai 2010. Kamyo ya mafuta ilipinduka katikati ya watu. Wengine walikuja kuchota, wengine walikuwa karibu tu, wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa.

Wengi walilaumu wachotaji. Mimi nauliza lingine: kijana akiomba kazi ya tanki, patroni anamwambia nini? Kwamba tanki lisipojaa, mafuta yanacheza ndani na kuvuta kamyo kwenye kona? Kwamba kwenye mteremko mrefu freni zinachemka na kulegea, lazima ashuke na vitesi ndogo? Kwamba freni za kamyo hii zilitengenezwa lini?

Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha patroni kulinda usalama wa mfanyakazi. Kwangu, ulinzi huo unaanza mbele ya sahihi. Mwenye kamyo anajua ubovu wake. Kijana anaona mshahara tu. Asiyeambiwa hawezi kukataa, na hasara haimwangukii yeye peke yake. Sange ilituonyesha.