Mizani na Ramani: Shairi kama Chombo cha Utafiti wa Jiografia katika Madarasa ya Nakawa

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiagizwa kutafuta mtandaoni habari za mafuriko ya Kampala, mwalimu anajua atakacholeta kabla hajakileta: aya tatu zilizonakiliwa, "ukuaji wa miji" humo ndani, "mabadiliko ya tabianchi" humo humo, na picha ya gari lililozama hadi vioo. Hamna hata sentensi moja inayosema maji yale yalitoka kilima gani. Na huenda mtoto huyo anakaa katika bonde la Kinawataka, na asubuhi ile ile alivuka mtaro kwa kuruka juu ya matofali. Anachokijua kwa miguu yake hakijakutana na alichokisoma kwenye skrini.

Makala haya yanadai kwamba shairi la arudhi linaweza kuvikutanisha viwili hivyo, kwa sharti kwamba liingie katikati ya utafiti. Desturi ya sasa, pale mwalimu anapokumbuka ushairi, ni kuupachika mwishoni: utafiti ukishakwisha, wanafunzi "watunge shairi kuhusu mada". Kwa desturi hiyo shairi halifanyi kazi yoyote. Linapokea maarifa yaliyokwisha kupikwa na kuyavika vina.

Nakawa ni mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili. Ni mojawapo ya tarafa tano za Kampala, upande wa mashariki, na ardhi yake ni vilima na mabonde: Naguru, Mbuya, Kyambogo, Ntinda, kisha bonde la Kinawataka linaloelekea Luzira na ziwani. Kiswahili pia kina makazi hapa kuliko sehemu nyingi za jiji. Makao makuu ya polisi yako Naguru, ya jeshi yako Mbuya, magereza yako Luzira, na watoto wa kambi hizo hukua wakikisikia. Waganda wengi wamekiona Kiswahili kwa muda mrefu kuwa lugha ya askari. Lakini mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umekifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, sambamba na Jiografia. Kila chumba cha kidato cha pili kwa hiyo kinapaswa kuwa na masomo yote mawili, na mtaala wenyewe unadai shughuli za kuunganisha maarifa. Kinachokosekana ni mfano wa namna ya kuyaunganisha.

Kwa kweli ndoa ya ushairi na jiografia ni ya zamani. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar katika Ghuba, aliandika maelekezo ya safari za baharini kwa beti za Kiarabu za bahari ya rajaz, na utenzi wake mmoja unahusu njia ya kufika Sofala kupitia mwambao wetu. Aliandika kwa mizani kwa sababu ya kazi. Nahodha aliye sukanini usiku hawezi kufungua kitabu, na ubeti uliokosewa neno hujitangaza wenyewe kwa kupoteza mizani. Arudhi ilikuwa njia ya kuilinda habari ya mahali isiharibike. Huku pwani, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inausoma mji wa Pate kupitia magofu yake, na msomaji anatoka na picha ya kumbi na madaka ambayo ramani haimpi.

Nionyeshe sasa jinsi kazi inavyoweza kwenda darasani. Beti zifuatazo nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya. Kabla ya kompyuta kuwashwa, darasa litunge kuhusu mvua. Rasimu ya kwanza itakuwa ya namna hii:

Mvua kubwa inyeshapo, maji mengi hufurika,
Kila mtu apitapo, matopeni huanguka.

Mizani imetimia, vina vimetimia. Lakini mishororo hii ni ya Nakawa, ya Jangwani Dar es Salaam na ya Kisumu kwa pamoja, yaani si ya mahali popote. Mwalimu aulize: maji gani, yanatoka wapi, yanapita wapi, yanazuiwa na nini? Maswali hayo ndiyo yatakayoandikwa ubaoni, na ndiyo yatakayopelekwa mtandaoni. Hapo mwanafunzi anafungua picha za setilaiti za miaka tofauti, anazilinganisha, anapeleka kishale juu ya vilima kusoma mwinuko wa ardhi, anafuata mstari wa bonde kwa kidole. Kisha anarudi kwenye ubeti:

Kutoka Naguru chini, maji mbio yanashuka,
Hukutana mtaroni, ya Ntinda yakifika,
Mafunjo yake bondeni, udongo umeyazika,
Kinawataka, kwa nini nyumba zetu zafurika?

Tazama yaliyomo sasa. Kila mshororo kati ya mitatu ya kwanza ni dai linaloweza kuhakikiwa. Mshororo wa kwanza una kasoro ambayo mwalimu wa Jiografia ataifurahia: Naguru ina mbavu mbili, na maji ya ubavu unaoelekea Kololo hayawezi kufuata njia moja na ya ubavu unaoelekea Ntinda. Mtunzi hana budi kurudi kwenye ramani ya kontua na kuamua anasema ubavu upi. Mshororo wa tatu unadai ushahidi wa picha mbili, ya zamani yenye mafunjo na ya sasa yenye kifusi na mapaa ya mabati. Mshororo wa pili unazua ubishi mtamu wa aina nyingine, kwani kipande chake cha pili hakitimii silabi nane mpaka Ntinda ihesabiwe silabi tatu: N-ti-nda. Darasa likibishana juu ya hiyo N, somo la Kiswahili limeingia ndani ya ramani bila kusukumwa.

Mizani ndiyo inayonifanya nishikilie ushairi wa kimapokeo katika zoezi hili. Sidai kwamba mashairi huru si mashairi. Mjadala huo ulipamba moto miaka ya 1970, mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, na sina haja ya kuufufua. Sababu yangu ni ya kiualimu. Mwanafunzi aliyepewa nafasi ya silabi nane hawezi kunakili aya ya mtandaoni, kwa kuwa haimo. Analazimika kuamua kipi kibaki, na kuamua huko ndiko kuelewa.

Wapo watakaosema kwamba mshairi ana ruhusa ya kubadili mambo, na kwamba tutamfundisha mtoto kupotosha ukweli kwa ajili ya kina. Ruhusa hiyo ina mipaka inayojulikana. Inkisari na mazida, tangu zilipofafanuliwa na wataalamu wa arudhi, zinahusu umbo la neno. Mtunzi anaweza kulifupisha au kulirefusha neno, lakini hawezi kuifupisha barabara wala kulihamisha bonde. Kina kikigongana na ramani, kibadilishwe kina. Kanuni hii iwekwe wazi tangu siku ya kwanza.

Kuna na upande wa pili, ambao naona unasahauliwa na wapenzi wa teknolojia. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake hutolewa bure, huona ardhi kwa vipande vya mita 10 kwa 10. Mtaro wa mita moja haumo. Haimo harufu yake, wala tofali lililowekwa na jirani ili watoto wavuke. Mwanafunzi anayeandika mambo hayo katika ubeti anaongeza data ambayo chombo cha angani hakina, na anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Dar es Salaam imekwisha kuonyesha njia: mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayofurika, mitaro ikiwemo.

Majina nayo yana somo lake. Anayefuata maji ya Kinawataka hadi ziwani anakuta kwenye ramani Ghuba ya Murchison, jina la mwanajiolojia wa Uskoti, na Port Bell, jina la mtawala wa kikoloni Hesketh Bell. Ziwa lenyewe lina jina la malkia, ilhali kwa Luganda huitwa Nalubaale. Mtunzi atachagua jina gani, na kwa nini? Hilo ni swali la mizani, la historia na la jiografia kwa pigo moja.

Gharama haziepukiki. Tangu Julai 2021 vifurushi vya intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, na shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Hata hivyo zoezi hili linahitaji intaneti kidogo kuliko utafutaji wa ovyo, kwa sababu maswali yanajulikana kabla ya kuingia. Mwalimu mwenye simu moja anaweza kupakua picha tatu usiku na kuzichapisha. Ama hatari ya mwanafunzi kutungiwa na programu za akili unde, ambazo siku hizi hutunga tarbia kwa sekunde chache, tiba yake ni kughani. Mtunzi asimame mbele ya ramani, aghani ubeti wake, na kila anapotaja mahali aweke kidole. Asiyejua anachosema, kidole chake kitasita.

Katika mtaala mpya tathmini ya shuleni inabeba asilimia 20 ya alama za mwisho, na kazi hii inatoshea humo. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kiko Kyambogo. Baraza la Mitihani liko Ntinda. Taasisi zote mbili zimo ndani ya Nakawa. Nawaomba walimu wa tarafa hii waanze na mvua inayonyesha juu ya mapaa ya ofisi hizo mbili: darasa lifuatilie inakoishia, kisha lipeleke beti zake huko.