Ukimgeuza Juma Akawa Zainabu

Soma sentensi hii: "Alifika usiku wa manane, akavua viatu, akala kiporo akiwa amesimama." Aliyefika ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi. Yeye ni yeye. Mwandishi wa Kiingereza angelazimika kuamua mapema, lakini sisi tunaweza kwenda kurasa kadhaa bila kumwambia msomaji chochote. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba mbinu ya kubadili jinsia ya mhusika kwetu ni kazi ya dakika 5: futa Juma, andika Zainabu, basi.

Hadithi nyingi za vijana zinazonifikia hapa Mtawanya zimeandikwa hivyo hivyo. Zainabu anaendesha bodaboda mpaka saa 8 usiku, anapiga soga na washikaji kijiweni, anazozana na trafiki, anarudi kulala. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Hakuna mtoto anayemsubiri. Jina ni la Zainabu, maisha ni ya Juma.

Sasa hebu jaribu kumfungisha ndoa. Juma ameoa, Zainabu ameolewa. Kumbe ile lugha iliyokuwa kimya muda wote imeficha jinsia ndani ya kitenzi: mmoja ametenda, mwingine ametendwa. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke humwoa mwanamke mwenzake ili apate uzao, na hapo kitenzi kinapata mtendaji mpya. Lakini ili hilo liwezekane, jamii nzima ilibidi ijenge utaratibu wake, wa mahari, wa watoto na wa jina la ukoo. Mwandishi peke yake hawezi kulifanya kwa kufuta jina.

Nenda mbele kidogo, mbadili mjomba. Hapa kwetu Kusini hilo si jambo dogo. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Ukimgeuza mjomba kuwa mwanamke, hapati kuwa shangazi, maana shangazi ni wa upande wa baba. Anakuwa mama mkubwa au mama mdogo. Ukoo umebaki naye, mtoto amebaki naye, lakini ile kauli ya mwisho imehamia wapi? Hilo ndilo swali la hadithi. Na mwandishi wa Moshi akifanya zoezi hilohilo atapata swali tofauti, kwa sababu huko ukoo unafuata baba.

Watu wa pande hizi za Ruvuma wameijua mbinu hii kabla ya riwaya kufika. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji huficha uso kwa kinyago cha mti. Vipo vinyago vya wanaume, vya wazee, vya wageni, na vipo vya wanawake, vyenye ndona kwenye mdomo wa juu. Vipo pia vya kiwiliwili: ubao uliochongwa matiti na tumbo la mimba, umechorwa chale, unafungwa kifuani. Anayeuvaa ni mwanamume. Anacheza mwendo wa mjamzito, na watu wanacheka, wanashangilia.

Ni sanaa kubwa, na mimi ni mmoja wa wanaoipenda. Lakini tuangalie mpaka wake. Kwa desturi ya zamani mapiko yalikuwa siri ya wanaume waliopita jandoni. Wanawake waliambiwa kwamba lile ni zimwi, wakalikimbia. Yaani tumbo lilikuwa lao, nao wakatakiwa kuliogopa. Mchezaji alivaa umbo la mwanamke bila kuvaa hata siku moja ya maisha yake. Uchungu wa kuzaa haukuwa kwenye ubao.

Uingereza nayo ilikuwa na mapiko yake. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alituletea Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Portia anavaa mavazi ya kiume, anajifanya mwanasheria, anaingia mahakamani na kumwokoa Antonio asikatwe ratili ya nyama. Enzi za Shakespeare wanawake hawakupanda majukwaa ya London, hivyo Portia aliigizwa na mvulana: mvulana anayeigiza mwanamke anayeigiza mwanamume. Kwa Kiingereza, kila wanapomtaja wakili huyo kwa kiwakilishi cha kiume, watazamaji wanaojua siri wanacheka. Kwa Kiswahili wakili ni "yeye" tu, kabla ya joho na baada ya joho. Kichekesho kinapungua, lakini kitu kingine kinabaki wazi: akili ni ileile. Kilichobadilika ni ruhusa ya kuingia mlangoni. Na joho likivuliwa, ruhusa inaondoka nalo.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Rosa analelewa na baba mkali, anapata uhuru akiwa masomoni, anapotea, na mwishowe mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira. Anajiua. Hebu mgeuze Rosa awe mvulana. Matendo ni yaleyale, sura zilezile. Je, nani angemuuliza swali lile kabla ya ndoa? Riwaya inaporomoka mikononi mwako, na kuporomoka kwake ndiko kunakokuonyesha nguzo ilikuwa wapi. Wengi tulisoma kitabu kile kama onyo kwa wasichana. Kisome kwa kumgeuza mhusika, utaona mshtakiwa mwingine.

Kwa hiyo ninaichukulia mbinu hii kama mizani. Ukibadili jinsia, fuata gharama: nani sasa analipa, na nani amesamehewa? Maisha yenyewe yameshafanya zoezi hilo jirani na hapa. Mwaka 1967 wanawake wa FRELIMO walianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara. Walibeba silaha na mizigo ya vita. Je, sufuria ziliwatoka mikononi? Hapana. Walitunza pia yatima na watoto wa wapiganaji. Kazi ya kiume iliongezwa juu ya ile ya kike, haikuchukua nafasi yake. Zainabu wa bodaboda angewaelewa.

Wamakonde wanasimulia kwamba mtu wa kwanza alikuwa mwanamume, peke yake porini. Akachonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha nje, asubuhi likawa hai, akapata mke. Geuza hadithi hiyo: mwanamke wa kwanza yuko peke yake. Anachonga? Kwa desturi kuchonga mti ni kazi ya wanaume. Wanawake ni wa kufinyanga. Basi umbo lake lingekuwa la udongo.

Reinata Sadimba alizaliwa mwaka 1945 upande wa pili wa Ruvuma, katika nyanda za Mueda. Alijifunza ufinyanzi wa vyungu kama wanawake wenzake, akapitia vita vya ukombozi, kisha akaanza kufinyanga watu: wanawake wenye ndona na chale, matumbo, vichwa juu ya vichwa, watoto wakining'inia miilini. Miaka ya 1980 aliishi Tanzania kabla ya kurudi kwao. Wapo pia wanawake wa huko Msumbiji ambao, katika miaka iliyofuata uhuru wa 1975, waliunda vikundi vyao na kucheza mapiko wenyewe.

Hao ndio ningependa waandishi wetu wawatazame wanapokaa kumgeuza mhusika. Tumbo la ubao lilipomfikia mwanamke mwenyewe, yeye alijua uzito wake kabla hajalivaa. Mwandishi asiyeujua ana kazi moja kabla ya kuandika jina la Zainabu: akaulize.